Vifaa vya jangwani katika mji wa theluji

Richmond Hill, mji ulioko kaskazini mwa Toronto nchini Canada, hauna jangwa. Kwa miezi kadhaa kila mwaka hufunikwa na theluji. Hata hivyo, mkusanyaji wa vifaa vya kale vya kijeshi anayeishi huko halazimiki kusafiri hadi Libya au Sudan kutafuta kofia ya jua, chupa ya maji iliyovikwa kitambaa au jerikeni la chuma. Vingine vililetwa na askari na wahamiaji, na vingine vilitengenezwa Canada kwenyewe.

Sababu yake ni himaya ya Uingereza. Barabara ya Yonge, inayopita katikati ya mji huo, ilifyekwa na askari wa kikosi cha Queen's Rangers katika miaka ya 1790. Mwaka 1870 Garnet Wolseley aliongoza msafara wa kijeshi wa mashua hadi Mto Red, magharibi mwa Canada. Miaka 14 baadaye alipotumwa kumwokoa Jenerali Charles Gordon, aliyekuwa amezingirwa Khartoum, aliwakumbuka wapiga makasia wa Canada. Karibu 400 kati yao walipelekwa Mto Nile kuvusha mashua kwenye maporomoko, wakiongozwa na Frederick Denison, wakili na diwani wa Toronto. Hawakufaulu. Khartoum ilianguka tarehe 26 Januari 1885, siku mbili kabla ya askari wa kwanza wa msafara kuwasili.

Jina la Wolseley limebaki kwenye kofia ngumu ya koki iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye ukingo mpana wa kukinga shingo na tundu la hewa juu. Kaki ni neno lenye asili ya Kiajemi, lenye maana ya vumbi. Madaktari wa zama hizo waliamini kwamba bila kofia hiyo jua la tropiki lingemwua Mzungu, ilhali katika Vita vya Kwanza vya Dunia askari Waafrika wa KAR walipigana chini ya jua hilo hilo wakiwa na kofia zisizo na ukingo wowote.

Debe na jerikeni

Kifaa ambacho msikilizaji wa Afrika Mashariki atakitambua mara moja ni jerikeni. Mwanzoni mwa vita vya Afrika Kaskazini Waingereza walibeba petroli katika madebe ya bati jembamba ya galoni nne, yaani takriban lita 18, kipimo ambacho bado chajulikana sokoni kwetu. Madebe hayo yalipasuka njiani na petroli nyingi ikamwagika mchangani. Askari waliyakata, wakayajaza mchanga na petroli, wakachemshia chai.

Wajerumani walikuwa na chombo cha lita 20 kilichobuniwa mwaka 1937: mikono mitatu, ili kibebwe na mtu mmoja au wawili, na nafasi ya hewa juu iliyokiwezesha kuelea. Cha maji kilipakwa msalaba mweupe, kisichanganywe na cha petroli. Waingereza walikiteka, wakakiiga, na wakakiita kwa jina la dhihaka walilowapa Wajerumani, Jerry.

Mihuri na hatari

Mkusanyaji makini hutazama mhuri kwanza. Mali ya jeshi la Uingereza ilipigwa alama ya mshale. Ya Canada ilipigwa herufi C yenye mshale ndani yake. Waghushi hulijua hilo, na wengine huchovya kitambaa kipya katika chai kionekane kikuukuu. Taa ya miale ya urujuanimno husaidia, kwani nyuzi nyingi za kisasa hung'aa chini yake.

Dira za zamani zenye tarakimu zinazong'aa gizani zisifunguliwe kamwe, kwani rangi yake huenda ina radiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka 1,600.

Ya nani?

Swali gumu zaidi ni la umiliki wa kumbukumbu. Kifaa chenye jina huuzwa ghali kuliko kisicho nalo, na maafisa Wazungu ndio walioandika majina kwenye masanduku yao. Wapagazi wa Carrier Corps, walioacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam, hawakupewa nafasi hiyo. Ripoti ya mwaka 2021 ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na huenda hata 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Vifaa vya karibuni navyo vina uzito wake. Toronto ina jamii kubwa ya Wasomali, na mwaka 1993 askari wa Canada walimtesa hadi kufa kijana Shidane Arone, aliyekuwa na umri wa miaka 16, huko Belet Huen. Kikosi chao kilivunjwa mwaka 1995. Sare ya msafara ule si pambo la ukutani kwa kila mtu.

Kwa hiyo, anayepata chupa au mkanda wenye namba ya askari wa KAR hushauriwa asiusafishe wala kuufuta maandishi. Aandike kwanza alikoupata, nani aliuuza na alisema nini, kisha aupige picha mhuri wake ukiwa bado na vumbi.