Karamu ya Houston na Mshipa wa Ubongo

Katika mji wa Houston, Marekani, zimefanywa karamu za usiku ziitwazo Knuckle Ball. Waalikwa huvaa nguo zao za fakhari, hulipia nafasi zao mezani, na fedha zikatumika kwa uchunguzi wa maradhi ya mshipa wa ubongo. Huenda ukauliza: karamu na maradhi vyapatana wapi? Nasi tuliuliza hivyo hivyo, maana si kila desturi ya watu wale ni desturi yetu. Lakini asili ya jambo hili ni khabari ya baba na binti yake.

Joe Niekro, aliyezaliwa mwaka 1944, alikuwa mrushaji mashuhuri wa besiboli. Mtupo wake uliompa sifa ni ule wa kuushika mpira kwa ncha za vidole na kuurusha pasipo kuzunguka, ukaenda ukiyumbayumba hewani hata mpigaji asijue utapita wapi. Mtupo huo ndio uitwao knuckleball, na kwa kuwa neno ball kwa Kiingereza ni mpira na pia ni dansi, jina la karamu likapatikana. Akiichezea Houston Astros alipata ushindi 144. Ukijumlisha na wa kaka yake Phil, wote wawili walishinda mara 539, na hakuna ndugu wawili waliowapita. Tarehe 27 Oktoba 2006 akafa ghafula, umri wake miaka 61, kwa kupasukiwa na mshipa ubongoni. Binti yake Natalie akaanzisha mfuko kwa jina la babaye.

Madaktari wayaita maradhi haya aneurizimu. Umepata kuona mpira wa ndani wa baiskeli uliodhoofika mahali pamoja, ukatokeza kama kibofu? Ndivyo uwavyo ukuta wa mshipa. Katika watu wazima 100, yakisiwa watatu hivi wanacho kibofu hicho, na wengi wataishi na kuzeeka nacho bila ya kujua. Kikipasuka, damu huenea juu ya ubongo, na wengi hawaponi.

Tiba ipo. Mwaka 1937 Walter Dandy, tabibu wa Baltimore, alikibana kibofu cha namna hii kwa kibano kidogo cha fedha. Tangu mwaka 1990 kuna njia nyingine, ya kupitisha kijibomba mshipani kutoka pajani hata kichwani na kukijaza kibofu kwa uzi mwembamba wa platinamu. Basi fedha za karamu za nini tena? Ni kwa sababu hakuna ajuaye kwa yakini ni kibofu kipi kitapasuka na kipi kitanyamaza, na tiba yenyewe ina khatari yake. Mama wa watoto wanne akiambiwa kwamba anacho, tena kidogo, achague kisu au achague kungoja? Swali hili ndilo linalogharimu.

Wavutao sigara, wenye shindikizo la damu na wanawake wamo zaidi katika khatari. Na nyumba ambayo wawili wa damu moja wamepatwa, yafaa waliobaki wamwone daktari, wapigwe picha ya kichwa.

Nyumbani, maumivu ya kichwa yajayo kwa mara moja kama radi, makali kuliko yote mtu aliyopata kuyaona, pamoja na kutapika au shingo kukakamaa, si ya kufungiwa kitambaa na kulazwa mpaka asubuhi. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali usiku huo huo.