Likasi: Anayejijengea motokari aanze na ponti ya nyuma

Mjini Likasi, jimboni Haut-Katanga, mtu akikata na kuunga chuma uani kwake hakuna anayesimama kumtazama. Karakana kuu za Panda, za Union Minière na baadaye za Gécamines, zilifunza watu wengi kuyeyusha, kuchonga na kuchomelea, na ujuzi huo umeshuka hadi kwenye garaji ndogo za Kikula. Kwa hiyo anayetaka kujijengea motokari ya mabomba ya chuma hashindwi na fremu. Anashindwa nyuma. Gari limetembea, watoto wameshangilia, kisha kipande kimoja cha ponti kinavunjika na hakuna anayekiuza. Baada ya miezi michache kuku wanataga ndani yake.

Mwaka 1996 Mwingereza Ron Champion alitoa kitabu cha kumwongoza mtu kujijengea gari dogo la viti viwili, kwa mfano wa Lotus Seven ya mwaka 1957. Injini na ponti zilitoka kwenye Ford Escort kuukuu. Escort haikuchaguliwa kwa uzuri wake. Ilichaguliwa kwa sababu mabaki yake yalipatikana kwa urahisi nchini mwake. Anayevichukua vipimo hivyo jinsi vilivyo na kuvileta Likasi ananakili Escort, lakini anaiacha akili iliyoichagua. Escort ya kwetu ni Hiace ya teksi-basi, au Hilux. Waendesha chukudu wa Goma wanalielewa jambo hili bila kitabu: mbao ziko karibu, mpira wa gurudumu kuukuu uko karibu, na kinachovunjika asubuhi kinatengenezwa kabla ya jioni.

Basi tafuta ponti kwanza, halafu jenga fremu kuifuata. Kabla ya kulipa, zunguka sokoni na orodha fupi: rulema za magurudumu, viatu vya freni, silambloki za mpira, mhimili unaozungusha gurudumu. Kama wauzaji wawili hapa mjini wanavyo vyote, nunua. Kama jibu ni “labda Lubumbashi”, iache hata ikiwa ya bei ndogo. Lubumbashi ni kilomita kama 120, na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni karibu 90 zaidi. Safari ya kutafuta silambloki mbili inaweza kula pesa kuliko silambloki zenyewe. Tena usiulize kwa jina la gari tu. Beba kipande cha zamani mkononi, na kwa rulema soma namba iliyochongwa juu yake. Namba hiyo haidanganyi. Omba pia karatasi ya ununuzi, maana ponti ya wizi ikitambuliwa, gari zima litalala polisi.

Wenye kutumia injini ya Toyota Ist wana hesabu nyingine: gari hilo linavutwa na magurudumu ya mbele, na nyuma inabeba tu. Hao wachukue nyuma yote ya Ist.

Sasa resori. Za Hiace na Hilux ni mabamba ya chuma yaliyolaliana, na yalitengenezwa kubeba mzigo. Gari la kilo 700 likiwekwa juu yake halitashuka, na kila shimo litapanda hadi kwenye uti wa mgongo wa dereva. Kuna kipimo kisichohitaji mashine. Inua gari kwa fremu hadi magurudumu yaning'inie, pima kutoka ponti hadi fremu, lishushe, pima tena. Likishuka sentimita 10, litapanda na kushuka mara kama 95 kwa dakika, na mwili unavumilia. Likishuka sentimita 2.5 tu, ni mara kama 190. Hapo halibebi watu, linawatikisa.

Dawa ni kupunguza mabamba. Yakiwa ya unene mmoja, ukitoa mawili kati ya matano, ugumu unabaki karibu 60 kwa mia. Usiguse bamba kuu, lile lenye macho pande zote mbili, kwa kuwa ndilo linaloshika ponti mahali pake. Wala usizidishe. Mabamba hayo hayo yanazuia ponti isijipinde injini inapovuta, na yakibaki machache mno yatajikunja kama herufi S kila unapoondoka.

Bamba lililopasuka lisichomelewe. Nalisema kwa nguvu kwa sababu mkono wa fundi wa Likasi unakimbilia fimbo ya kuchomelea kabla kichwa hakijafika. Moto unaondoa ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, na bamba litakatika tena kando ya mshono, safari hii ukiwa kwenye mwendo.

Za mwisho ni boliti za umbo la U zinazobana resori kwenye ponti. Hulegea mabamba yanapokaa vizuri. Zikilegea, ponti inateleza, na nyuma ya gari inaanza kujiendesha yenyewe. Kwenye barabara ya kitaifa namba 1, katikati ya malori ya shaba, hakuna nafasi ya kosa hilo. Safari za kwanza ziwe za kuzunguka mjini, kwenda Panda na kurudi. Kaza boliti, zunguka tena, kaza tena. Lubumbashi itangoja.