Likizo ya Juni na hesabu za karanga

Juni inapoingia Mpwapwa, shule zinafunga na karanga zinatoka shambani. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma uchumi, biashara na uhasibu anarudi nyumbani akiwa na mwaka mzima wa masomo kichwani, anawakuta wazazi wakiuza kwa lumbesa. Gunia limejazwa hadi mdomo umevimba, limeshonwa kwa kamba, na bei ni ya gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100. Kijana huyo anajua kuandaa hesabu za kampuni, lakini likizo inaweza kuisha bila yeye kumwonesha mama yake ni kilo ngapi zimekwenda bure.

Ndiyo maana natamani likizo hii iwe na mafunzo ya biashara, angalau wiki mbili. Mfano upo. Junior Achievement, iliyoanzia Marekani mwaka 1919 na kufika hadi Tanzania, huwaachia wanafunzi waunde kampuni ndogo ya kweli: wanauza hisa, wanachagua viongozi, wanatengeneza bidhaa na kuiuza, kisha wanafunga vitabu na kugawana kilichobaki. Mtaala mpya nao umeleta somo la biashara kidato cha kwanza. Ni hatua njema, ila mnada hauhamishiki darasani.

Mpwapwa ina somo ambalo shule za biashara za Ulaya zingelisafiria. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe Afrika ya Mashariki na Kati. Baada ya wiki tisa ukarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Kazi ilianza mwaka uliofuata Kongwa, wakati huo sehemu ya wilaya ya Mpwapwa. Matrekta yalivunjikia kwenye mizizi na visiki. Mvua haikutosha. Udongo ulipokauka uligeuka saruji, karanga zikawa hazing'oki. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni. Wagogo, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wakiishi na ukame huo vizazi na vizazi.

Wapelekeni vijana Kongwa na daftari. Waulize mvua ilipimwa kwa miaka mingapi kabla ya fedha kutoka, na nani alikuwa na ujasiri wa kusema hapana. Halafu waende kituo cha utafiti wa mifugo hapa Mpwapwa, ambako miaka hiyohiyo ya 1940 watafiti walikuwa wakichanganya damu ya ng'ombe wa asili na wa kigeni, polepole, hadi wakapata ng'ombe wa Mpwapwa, wa maziwa na nyama, anayestahimili ukame.

Kuna pingamizi la haki: Juni ni mavuno, na mzazi anahitaji mikono. Basi mafunzo yafanyike asubuhi, na shamba la nyumbani liwe ndilo zoezi. Mwanafunzi aandike mbegu, vibarua, magunia, usafiri, hata siku zake mwenyewe za kazi, ambazo familia nyingi hazizihesabu. Kama nyumbani kuna alizeti, alinganishe kuiuza ghafi na kuikamua, akikumbuka kwamba mashudu yanayobaki nayo hununuliwa na wafugaji. Siku ya mwisho wazazi waitwe, hesabu zisomwe kwa sauti, na waliopata hasara wasome kwanza.