Rweya: Kupotea kwa Ardhi ya Wote Bukoba na Muleba

Katika wilaya za Bukoba na Muleba, Wahaya walitofautisha kimapokeo kibanja na rweya. Kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linalozunguka nyumba, kilikuwa cha ukoo na kilirithiwa zaidi na wanaume. Rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ilikuwa wazi kwa wanakijiji wote: ng'ombe walichungwa humo, nyasi za kuezekea na za kutandaza migombani zilikatwa humo, na wanawake walilima humo njugumawe kwa msimu kisha wakaiacha ardhi ipumzike. Rutuba ya kibanja, kwa kweli, ilitoka rweya kwa njia ya samadi na nyasi hizo.

Haki ya namna hiyo haiachi alama ardhini. Misonobari na mikaratusi huiacha kwa miaka mingi, na aliyeipanda huhesabiwa mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaitambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Hata hivyo, pale ambapo kijiji hakijaitenga, utambuzi huo hausaidii sana. Mwanamke anayerudi na jembe lake hukuta miche imekwisha kupandwa, naye hana hati ya kuonyesha.