Funga Mlango, Kisha Tawakali

Kila Mfungo Sita, familia nyingi za Mombasa hufunga nyumba zao na kuelekea Lamu kuhudhuria Maulidi katika Msikiti wa Riyadha. Safari hiyo ni ya kheri, lakini mwizi naye huisubiri.

Wapo wasemao kwamba Mwenyezi Mungu atalinda. Ni kweli; ila Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali. Basi kabla ya kutoka tukaze makomeo ya madirisha na mlango wa uani, na dhahabu za arusi tuziweke amana kwa jamaa aliyebaki mjini. Picha za safari tusizisambaze hadi turejee.

Hata hivyo, hakuna komeo lishindalo jirani mwema. Taa iwakayo mchana kutwa na baraza isiyofagiwa humjulisha mwizi kwamba wenyewe hawapo. Jirani mwenye ufunguo wetu ataiwasha taa magharibi, ataizima alfajiri, na ataifagia baraza.

Je, tunaye jirani wa kumwachia ufunguo? Ikiwa hatuna, tuanze leo kwa salamu na sahani ya mahamri. Ujirani haujengwi siku ya safari.