Kutumia, kuuza na kuagiza vifaa tiba: wajibu wa kliniki binafsi za fiziotherapia

Mtu aliyevunjika mguu au aliyepata kiharusi hukutana na vifaa vingi katika kliniki ya fiziotherapia: magongo, kiti mwendo, mkanda wa kiuno, mashine ya kusisimua misuli kwa umeme, au ile ya mawimbi ya sauti inayopasha joto tishu zilizo chini ya ngozi. Mbele ya sheria, vyote hivyo ni vifaa tiba. Kwa Tanzania Bara, utengenezaji, uingizaji na uuzaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliyejiajiri, jambo hili lina uzito wa pekee. Hospitali kubwa ina kitengo cha ununuzi na mafundi wa vifaa tiba. Katika kliniki binafsi ya vyumba viwili, majukumu hayo humwangukia mtu mmoja, ambaye ndani ya wiki moja anaweza kuwa mtumiaji, muuzaji na mwagizaji wa vifaa. Sheria huzitazama nafasi hizo tatu kwa namna tofauti, na leseni ya kutoa tiba pekee haitoshelezi zote.

Huduma za afya za watu binafsi huongozwa na Sheria ya Hospitali Binafsi, Sura ya 151, ambayo marekebisho yake ya mwaka 1991 yalifungua tena milango kwa wataalamu kutoa huduma kwa malipo. Vifaa vyenyewe viko chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Ilipotungwa mwaka 2003, sheria hiyo ilihusu pia chakula na vipodozi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia majukumu hayo mawili Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na tangu Julai mwaka huo iliyokuwa TFDA ikawa TMDA. Kwa upande wa Zanzibar, mamlaka husika ni Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA).

Kinachokifanya kifaa kiitwe kifaa tiba ni matumizi yaliyokusudiwa na mtengenezaji wake. Mpira unaouzwa kwa ajili ya mazoezi ya kawaida haumo katika kundi hilo. Mashine inayotangazwa kuwa inatuliza maumivu ya mgongo imo. Vifaa tiba hupangwa katika madaraja manne, A hadi D, kulingana na hatari inayoweza kumpata mtumiaji. Magongo kwa kawaida huwa daraja la chini, ilhali mashine zinazopeleka nishati mwilini huwa juu zaidi. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo uthibitisho wa usalama na ufanisi unaohitajika unavyoongezeka.

Nafasi ya kwanza ni ya mtumiaji. Kliniki inayonunua mashine ili kuwatibu wagonjwa wake inapaswa kuinunua kwa msambazaji anayetambuliwa na TMDA na kuhakikisha kuwa kifaa chenyewe kimekidhi matakwa ya usajili. Risiti, jina la mtengenezaji, namba ya mashine na kumbukumbu za matengenezo vihifadhiwe. Mashine za mawimbi ya sauti hufanya kazi aghalabu kwa megahezi 1 kwa tishu za ndani, au megahezi 3 kwa zilizo karibu na ngozi. Mashine isiyofanyiwa ugezi, yaani kuhakikiwa usahihi wa vipimo vyake, inaweza kutoa nguvu kubwa kuliko inayoonekana kwenye kioo na kumuunguza mgonjwa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, kwa kuwa anaweza asihisi kuwa anaungua. Nguvu ikiwa ndogo mno, mgonjwa hulipia vipindi visivyomsaidia.

Nafasi ya pili ni ya muuzaji. Mtaalamu anayeweka kola za shingo, mikanda ya goti na magongo ili kuwauzia watu anaanza biashara ya vifaa tiba, na sheria inataka jengo la biashara hiyo lisajiliwe na mhusika awe na kibali. Ni busara kupata maelekezo katika ofisi ya kanda ya TMDA, zikiwemo za Arusha, Mwanza na Mbeya, kabla ya kununua shehena ya kwanza. Asiyetaka kuingia katika biashara anaweza kumwandikia mgonjwa aina na kipimo cha kifaa, kisha mgonjwa akanunue kwa muuzaji aliyesajiliwa. Utaratibu huo pia humwondolea mgonjwa shaka kwamba ameandikiwa kifaa kwa sababu tu kilikuwepo kabatini.

Nafasi ya tatu ni ya mwagizaji, na hapa ndipo wengi huteleza. Mashine iliyonunuliwa kwa njia ya mtandao, au iliyobebwa ndani ya sanduku la msafiri kwa ajili ya kliniki, bado ni bidhaa iliyoingizwa nchini na huhitaji kibali kabla ya kufika mpakani. Msamaha wa kodi hauondoi sharti hilo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ulemavu, lakini ushuru na usalama ni mambo mawili tofauti. Aidha, mashine iliyotengenezwa kwa soko la umeme wa volti 120 inaweza kuungua siku ya kwanza ikichomekwa katika umeme wa volti 230 unaotumika nchini.

Masharti haya yana gharama. Kliniki iliyo mbali na miji mikubwa hulipia usafiri na hukosa fundi wa karibu, na kifaa halali huweza kuwa na bei ya juu kuliko kile cha mitaani. Hata hivyo, kifaa kisicho na asili inayojulikana hakina dhamana wala vipuri, na mtengenezaji akitangaza kukiondoa sokoni kwa sababu ya kasoro, aliyenacho hatapata taarifa. Wakaguzi wakikikamata, hasara huwa ya kliniki, na mgonjwa aliye katikati ya matibabu hubaki akisubiri.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Anaponunua kifaa, adai risiti na maelekezo ya matumizi katika lugha anayoielewa. Akipata malengelenge, kuungua au maumivu mapya baada ya kutumia mashine, amweleze mtaalamu wake mara moja. Mtaalamu anapaswa kusitisha matumizi ya mashine hiyo na kutoa taarifa TMDA, ili kasoro iliyojitokeza katika kliniki moja isiwafikie wagonjwa wa kliniki nyingine.