«Nani Alimuua?» Ulizo la Televizio Lisiingie Katika Kilio



Mwezi huu ingieni pamoja nasi katika nyumba moja ya kambi hapa Panda. Ni jioni. Bukari imekwisha kuliwa. Baba, mama, watoto na jirani wawili wanakaa mbele ya televizio. Ni feyetoni, ile filimu ya vipande vingi. Katika kipande cha kwanza tajiri mmoja aliuawa. Leo ni kipande cha thelathini na kitu, na nani alimuua bado hatujui. Kumetokea pacha aliyefichwa, barua iliyochomwa, mtoto asiye wa baba yake, na munganga wa hospitali aliyebadilisha makaratasi. Sasa mkubwa wa polisi anafungua kinywa ataje jina. Pap! Umeme unakatika.

«Njo vile, siku yote!» mama anasema katika giza. «Lakini miye nilishayua. Ni ule kambo. Anajifanya mupole zaidi.»

Wote wanacheka. Nasi tucheke. Lakini neno hilo la mama tulichukue, tuliangalie vizuri.

MAITI KWANZA, MWENYE KOSA BAADAYE

Kwa nini hadithi hizi zinazungushwa hivi? Televizio nyingi zinaishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye matangazo anataka watu warudi kesho. Kamba ya kuwarudisha ni siri. Siri ikifunuliwa, kamba imekatika. Ndiyo sababu watungaji wanaongeza fundo juu ya fundo.

Tarehe 21 Machi 1980, katika filimu ya Marekani inayoitwa Dallas, tajiri J.R. Ewing alipigwa risasi. Kipande kikaishia hapo. Watu wakangoja miezi minane. Tarehe 21 Novemba 1980 jina lilipotajwa, Wamarekani zaidi ya milioni 80 walikuwa mbele ya televizio zao. Lakini sikilizeni vizuri: watengenezaji wenyewe walieleza baadaye kwamba walipokata shauri J.R. apigwe risasi, walikuwa hawajachagua nani atakuwa amempiga. Risasi kwanza, mwenye kosa baadaye!

Mwaka 1990 ikaja Twin Peaks, ya David Lynch na Mark Frost. Msichana Laura Palmer aliuawa. Lynch hakupenda siri hiyo itoke upesi, lakini wenye televizio wakalazimisha. Muuaji alionyeshwa tarehe 10 Novemba 1990. Kisha hadithi ikapungukiwa nguvu, na mwezi wa Juni 1991 ikasimamishwa. Mwaka 2011 filimu nyingine, The Killing, ilimaliza vipande vyake 13 vya kwanza bila kutaja muuaji. Watazamaji wakakasirika sana. Wakangoja mpaka mwaka 2012, kipande cha 26.

Mnaona shida? Hadithi inayosimama juu ya siri tu, siri ikitoka inakufa, na siri isipotoka inachosha. Na ili iende mbali, kila mtu lazima ashukiwe kwa zamu yake. Mwishoni wanachagua yule ambaye hukumzania: rafiki, kambo mpole, hata mtoto. Hawamchagui kwa sababu alama zote zinamwonyesha. Wanamchagua kusudi wewe ushituke.

KUTOKA TELEVIZIONI MPAKA KILIONI

Katika filimu ni mchezo. Lakini kuna michezo mingine iliyo karibu nasi zaidi. Tangu miaka ya 1990, televizio za Kinshasa zilionyesha michezo mingi ya vipande ambamo siri ya nyumba ni mulozi. Ugonjwa unaingia, kazi inapotea, mimba zinaharibika, wiki zinapita. Mwishoni muchungaji anamfunua: alikuwa ni mmoja wa familia.

Na sisi tunajua ulizo hilo linaingia mlango gani. Linaingia kilioni. Mtu amekufa. Wanaume wanakaa kwa moto nje, wanawake ndani. Hatuulizi: aliumwa nini, alipelekwa hospitali siku gani, alipewa dawa gani? Mmoja anasema kwa sauti ya chini: «Huyu hakufa bure. Kuko mutu.» Kuanzia hapo kila neno linakuwa alama. Nani hakulia? Nani alikuja na chakula juma lililopita? Maiti iko, sasa tunatafuta mwenye kosa.

Na anachaguliwa nani? Si tajiri, si mwenye nguvu. Anachaguliwa yule asiye na wa kumsemea: kambo mjane, yatima aliyeletwa kwa shangazi, mtoto mwenye kifafa, mtoto anayekojoa kitandani. Tajiri wa feyetoni atafufuka katika filimu nyingine. Lakini mtoto huyu atalala sokoni kweli. Watoto wengi wa barabara katika miji ya Kongo walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja.

Wazazi, jueni pia sheria ya inchi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwekea azabu mtu anayefanya hivyo. Hata akiwa baba. Hata akiwa muchungaji.

HADITHI NDEFU SI ZAMBI

Hatusemi: vunjeni televizio. Hatusemi pia kwamba hadithi ndefu ni mbaya. Kitabu cha Ayubu kina sura 42! Lakini angalia namna kilivyopangwa. Msomaji anaelezwa tangu sura ya kwanza kwamba Ayubu hana kosa. Ni rafiki zake ndio wanafanya kazi ya polisi: wanatafuta zambi iliyofichwa, wanaongeza maneno, sura kwa sura. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao.

Jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa na mchezo wa redio, Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Dereva wa lori, Mkwaju, alikuwa na wanawake wengi njiani, na ukimwi ukampata. Hapakuwa na fumbo. Kila msikilizaji aliona anakokwenda. Alingojea kitu kimoja: je, ataacha njia hii?

Na hapa kwetu Katanga tulikuwa na kundi la Mufwankolo wa Lubumbashi, kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1986 walichukua msemo mmoja juu ya mamlaka, ule unaosema mamlaka inaliwa yote nzima, wakaufanyia mchezo wa televizio. Walipatana njia ya hadithi, kisha kila mchezaji akapata maneno yake mwenyewe, bila kitabu. Mtazamaji alitoka na jambo la kuzungumza na bibi yake na watoto wake, si na jina la mtu wa kushuku.

Basi, jioni umeme ukikatika katikati ya kipande, usiwake hasira. Washa mshumaa, na mwongee.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Katika feyetoni tunayofuata, nani ameshukiwa bure? Alifanywa nini kisha? Kuna mtu aliyemwomba musamaha?

2. Katika kilio cha mwisho tulichoenda, tuliuliza «aliumwa nini?» au tuliuliza «ni nani?»

3. Kuna kambo au mtoto katika jamaa yetu ambaye watu wanamsema kwa sauti ya chini? Nani wetu ataenda kumwona juma hili, akae naye, ale naye?

Ulizo la tatu msiliache mpaka kipande kinachokuja.